Pindo la Shuka Jeupe

Tulikwenda sokoni kutafuta vifungo. Vifungo tu.

Gauni la bluu la Dalenda lilikuwa limeanza kumbana tumboni, na kila alipoketi kifungo kiliruka kama bisi. "Huyu mwana ana vita na nguo zangu," alisema huku akikiokota chini ya meza. "Twende, Beya, kabla hawajafunga."

Dalenda ni mke wa kaka yangu, Nejib. Tuliishi nyumba moja huko Bizerte, nyuma ya bandari ya zamani: wao ghorofani, mimi na mama yangu chini. Nejib huendesha lori la saruji, leo yuko hapa, kesho hayupo. Mume wangu, Lazhar, alikuwa na kazi mbali, huko Sfax, na alirudi kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo jioni zetu nyingi zilikuwa za sindano.

Hakuna raha kama ile. Unaingia kwenye lundo la mitumba hadi viwikoni, unavuta pazia la watu usiowajua, unalinusa, unalinyoosha kwenye mwanga, na moyoni tayari umeshaona foronya. Mashati ya wanaume tuliyageuza mito. Sketi tuliigeuza mfuko wa mkate. Mama hutuletea chai yenye lozi, cherehani linanguruma, na Dalenda anawasimanga wenye nguo za kwanza. "Huyu alikuwa mnene, jamani! Tazama kiuno. Suruali moja, mapazia mawili!"

Alikuwa amengoja ujauzito ule miaka mingi. Sasa alikuwa akikusanya vipande vya mfarishi wa mtoto, laini laini, vyeupe na vya rangi ya maziwa.

Tulipofika sokoni wauzaji walikuwa wanakunja maturubai. Mzee Rabeh wa vifungo alitupimia vyetu kwa kiganja, kama kawaida yake.

"Mtoto akizaliwa mleteni nimpe kifungo cha dhahabu," alisema.

"Cha dhahabu au cha rangi ya dhahabu?" Dalenda akamuuliza.

"Wewe mwanamke, mdomo wako ndio unahitaji kifungo!"

Tukacheka. Tukageuka tuondoke. Ndipo tulipomwona mama mmoja.

Alikuwa ameketi peke yake mwisho kabisa, kwenye ukuta wa ghala la samaki, mahali ambapo sikuwahi kuona mtu akiuza. Alijitanda shuka jeupe la kizamani toka utosini hadi miguuni, na ameliuma ncha kwa meno ili lisifunguke, kama walivyofanya bibi zetu. Uso haukuonekana, jicho moja tu. Vidole vyake vilichorwa wino mweusi wa karafuu, wino wa maharusi. Na mbele yake kulikuwa na kitu kimoja tu. Shuka la kitandani, jeupe, limetariziwa pindo zima kwa uzi wa fedha.

Dalenda alishika kifua. "Beya... tazama mkono huu. Tazama mshono!"

Mimi nilinusa. Karafuu. Na chini ya karafuu, udongo mbichi.

"Bei gani, mama?" Dalenda akauliza.

"Hakina bei, mwanangu." Alinong'ona kupitia meno, bila kuiachia ncha ya shuka alilojitanda. "Nipe jina lako tu, nikuombee."

"Dalenda."

"Binti wa mama yupi?"

Nilimfinya wifi yangu mkononi. Kwetu, anayekuombea haulizi mama yako ni nani. Anayeuliza hivyo ana lake.

"Binti Ourida!" akajibu Dalenda, akiusukuma mkono wangu. "Unanifinyia nini?"

Jicho lile likatulia juu ya tumbo lake.

"Kata katikati upendavyo," yule mama alisema. "Pindo usilifumue."

*

Mama yangu alipoliona shuka aliweka chini ungo wa dengu. Hakuligusa. Aliinama tu, akavuta pumzi.

"Nani kakupeni hiki?"

Tukamweleza.

"Kirudisheni."

"Mama, ni zawadi," Dalenda akasema.

"Nimesema kirudisheni. Hukupewa wewe hicho."

Kesho yake nikalikunja nikaenda nalo. Ukutani kwenye ghala palikuwa na paka na magamba ya samaki. Rabeh alinikazia macho. "Pale? Nani atauza nguo pale, zinuke hadi siku ya kiyama? Jana mlisimama pale peke yenu. Nikadhani mwenzio kashikwa na kichefuchefu."

Nilirudi na shuka mkononi. Nilikusudia kulitupa. Lakini Dalenda alikuwa ananingoja mlangoni, akalichukua kama mtu anayepokea mtoto wake kwa jirani.

Toka siku ile hakushona nami tena.

Alishona peke yake, juu, mlango umerudishwa. Cherehani hakuligusa. Nikiwa chini nasikia... fyuuu... uzi unavutwa. Kimya. Fyuuu... Asubuhi, mchana, jua likizama. Wimbo wake ulikoma. Utani ulikoma. Nikimpelekea mchuzi naukuta baadaye umeganda.

"Umekula?"

"Baadaye."

"Pumzika basi, wifi."

"Anaharakisha."

"Nani?"

Alinitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Mtoto."

Nikakitazama kijiti cha uzi mweupe alichokuwa nacho pajani. Kila siku anashona, na uzi haupungui.

Nikaanza kushuku kila mtu. Nilimshuku Dalenda, kwamba anajua jambo na ananificha. Nikamshuku hata mama. Alikuwa amesema tukirudishe, lakini kila nilipoanza habari ile alikumbuka kazi jikoni. "Usiingilie mkono wa mtu kwenye sindano," aliniambia. Mama yangu, ambaye huingilia kila kitu hadi chumvi ya jirani!

Nejib alipopata nafasi alimpeleka mkewe kliniki. Walipotoka tu nikapanda juu na mkasi mdogo.

Mfarishi ulikuwa mzuri. Lazima niseme ukweli, sijaona mzuri kama ule. Lile pindo la fedha lilikuwa limeuzunguka wote, na uzi wake wa ndani ulikuwa wa manjano, mkavu, uzi uliozeeka miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Nikafumua kidogo pembeni.

Ndani mlikuwa na vipande vya nguo. Vidogo, kila kimoja kimefungwa fundo. Pamba. Hariri. Sufu ya kizamani. Vyote vya nguo za wanawake. Nikasukuma kidole ndani zaidi, nikavuta cha mwisho.

Kilikuwa cha bluu.

Bluu yenye vitone vyeupe.

Nililijua kitambaa hicho. Mimi ndiye niliyelishona gauni lile, kwa pazia la mtumba, na hakukuwa na lingine duniani. Nikaenda kabatini. Gauni la Dalenda lilikuwa linaning'inia, na kwenye upindo wa ndani mlikuwa na tundu lililokatwa vizuri kwa mkasi.

Lakini pindo la shuka halikuwa limefunguliwa kabla yangu. Uzi ule mkavu ulikuwa wa tangu na tangu.

Nikakirudisha. Nikashona upya nilipofumua. Sijui kwa nini. Niliogopa ajue.

*

Jioni ile Nejib aliondoka na lori. Mvua ikaanza kabla ya adhana ya magharibi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafunga komeo la mlango wa nje, kisha nikapanda kwa Dalenda nikamkuta amekaa kitandani na gauni lake la bluu, mfarishi mapajani.

"Nimemaliza," alisema.

Na hapo nikasikia miguu kwenye ngazi.

Pekupeku. Yenye maji. Taratibu.

Pwa... pwa... pwa...

Ikasimama nje ya mlango. Harufu ya karafuu ikaingia kwanza.

"Dalenda binti Ourida." Sauti ya mtu aliyeuma nguo. "Nimekuja kuchukua kazi yangu."

Dalenda akasimama. Nikamshika bega. "Usiitike! Wifi, usiitike!"

Ndipo nikaona sakafuni.

Uzi ulikuwa unatembea.

Mweupe, mwembamba, ulitoka kwenye mfarishi, ukapita juu ya mkeka, ukaingia chini ya mlango. Mtu wa nje alikuwa anauvuta. Nikaufuata kwa macho upande wa pili, nikitafuta sindano. Hapakuwa na sindano. Uzi ulipanda kwenye gauni la Dalenda na kuzunguka tumbo lake, mshono kwa mshono, safi kabisa.

"Sikuushona mimi," akanong'ona. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya siku zote, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Beya... wallahi sikuushona mimi."

Uzi ukakaza. Gauni likajikunja. Akaenda hatua moja mbele. Akashika tumbo, akaguna.

Nikanyakua mkasi.

"Usikate!"

Alikuwa mama, toka chini ya ngazi. Sijawahi kumsikia akipiga kelele vile.

"Ukikata unamkata mtoto! Fumua, Beya! Fumua kwa mkono!"

Nikapiga magoti. Nikamwambia Dalenda aume kilemba chake asije akajibu. Kwa ncha ya pini nikaanza kuinua mshono wa kwanza. Ulikuwa umeshika kama jino. Ukaachia. Mwingine. Mwingine... Kila ninapofumua, uzi unavutwa huko nje, fyuuu, na mtu anashusha pumzi.

"Nifungulie, binti Ourida. Mikono imechoka kungoja."

Dalenda anatikisa kichwa, anauma kilemba. Chini ya vidole vyangu nikahisi mtoto anageuka. Nikaendelea. Kucha zikavuja damu.

Mshono wa mwisho.

Uzi ukachomoka, ukakimbia sakafuni, ukapotea chini ya mlango kama mkia wa panya.

Kimya.

Kisha miguu ile ikaanza kushuka. Pwa... pwa... Ikafika chini. Ikasimama. Na katikati ya mvua nikasikia mnong'ono.

Sauti mbili.

Sikuweza kushika neno hata moja. Mlango wa nje ukafungwa. Komeo likasukumwa.

Niliposhuka, mama alikuwa ameketi mahali pake, anachagua dengu. Mabega ya nguo yake yalikuwa yamelowa.

"Nani alifungua mlango, mama?"

"Upepo."

"Na aliyefunga komeo ni upepo?"

Hakuinua uso. "Panda ukakae na wifi yako."

*

Nejib aliporudi alituita wendawazimu. "Nyie na sindano zenu! Mtu akichoka anaota akiwa macho." Lakini mfarishi aliuchoma mwenyewe juu ya paa tambarare la nyumba, na nilimwona akisogea mbali na moshi.

Nilimweleza mzee Rabeh. Safari hii hakutania. Aliangalia kulia na kushoto, akapunguza sauti. "Bibi yangu alikuwa akimtaja. Mwenye shuka. Alisema haendi nyumba ambayo hakuna aliyewahi kumkaribisha, na aliyemkaribisha humlipa kwa mtoto wa ukoo."

"Nani amkaribishe kwetu?"

"Mimi nauza vifungo, mwanangu," akasema, akaanza kukunja turubai mapema.

Dalenda alijifungua salama. Msichana, mwenye mapafu ya muuza samaki. Siku ya kumpa jina nyumba ilijaa, mwanakondoo jikoni, vigelegele hadi mtaa wa pili. Dalenda alikuwa amerudi kuwa Dalenda, anawasimanga mashangazi kwa nguo zao mpya.

Mama peke yake hakuwa amempakata mtoto. Kila akipewa alisema mikono yake ina baridi. Mchana ule Dalenda hakumsikiliza, akamlaza mtoto mapajani mwake, akaenda kupokea wageni.

Nilikuwa nimesimama karibu. Mama alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Akamfunua uso kwa kidole kimoja. Mabega yake yakashuka, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Si huyu," alisema. Hakuwa anazungumza nami.

Kisha akainua macho akanitazama. Hakunitazama usoni.

Mwezi ule nilikuwa nimechelewa siku zangu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Lazhar. Nikavuta mtandio wangu nikajifunika tumbo, na mama yangu, polepole, akanitabasamia.