Kopo Lililotazama Dirisha

Mume wa shangazi yangu ni fundi saa, mtu wa kupenda vitu vidogo vidogo. Asubuhi moja alichukua kopo tupu la maziwa, akalitoboa kwa sindano, akaweka ndani karatasi ya picha ya kizamani, ile inayobadilika rangi kwa mwanga, kisha akaliziba mdomo kwa utepe mweusi. Akalifunga juu ya ukuta wa uani, likitazama nyumba.

"Miezi sita," aliniambia. "Kila siku jua litajichorea mstari wake. Watu wapitao hawataonekana. Kitakachoonekana ni kile kisichohama."

Mwezi uleule shangazi aliishiwa nguvu za miguu. Hospitali hawakuona kitu. Wifi yake, dada mkubwa wa fundi, akahamia pale kumuuguza. Huyu ndiye aliyeacha shule ili amlee fundi walipofiwa na wazazi. Alimwogesha shangazi, akamlisha, akamgeuza kitandani. Kutwa hakutoka chumbani mle. Sote tulimshukuru.

Ikabaki wiki moja miezi sita itimie, utepe ukabanduka. Fundi akaona bora afungue tu. Akashusha mapazia, tukainamia karatasi mezani.

Mistari ya jua ilikuwepo, imepinda juu ya paa, mmoja juu ya mwingine. Mizuri ajabu. Chini yake, nyumba.

Na mbele ya dirisha la shangazi, mtu.

Amesimama. Ametugeuzia mgongo. Bega la kushoto limeshuka.

Bega lile fundi alilijua. Alikulia juu yake.

"Labda ni kivuli," nilinong'ona.

"Kivuli huhama na jua."

Dada yake akaingia na bakuli la supu. Akaitazama picha. Hakushtuka. Aliliweka bakuli mezani taratibu.

"Ungengoja wiki moja tu, mdogo wangu."

"Dada, nimekukosea nini?"

Dada yake alikusanya nguo zake, akaondoka mchana uleule.

Siku ya tano shangazi alisimama mwenyewe. Fundi alimshika mkono, akalia kama aliyefiwa. Mpaka leo fundi hagusi chakula asichokipika kwa mikono yake.

Kisha mvua ikanyesha. Saruji yote ya uani ililowa, isipokuwa nyayo mbili, kavu kabisa, vidole vimeelekea dirishani. Tukazimwagia maji. Yakakwepa.

Mvua ya pili nilikwenda kutazama peke yangu.

Zilikuwa zimesogea. Hatua moja.