Kurasa za Mwisho Zilibaki kwa Fundi

"Hiki chembamba mno. Watu watatucheka."

Msomi, jina alilojibatiza mwenyewe, alikisukuma kitabu pembeni kwa kidole kimoja. Mchumba wake, fundi wa kujalidi vitabu, alikuwa amezimwaga riwaya za zamani kwenye meza ya karakana yake ili wapange za mwaka mzima, moja kila mwezi.

"Kwani tunachagua vitabu au matofali?"

"Mpenzi, fasihi ya kale ni uzito! Grupu letu zima la wasomaji mtandaoni linanitazama mimi. Tukimaliza cha kumi na mbili, ndoa. Si nilikuahidi?"

Ahadi hiyo ndiyo iliyomkalisha fundi mezani. Shangazi yake hakuificha dharau:

"Mwanamume anayetaka kuoa haweki mitihani. Huyo anakupiga danadana, mwanangu."

Fundi akamtetea mchumba wake. Mapenzi bwana! Akakishona upya kitabu kinene walichokichagua cha mwezi wa kwanza, akakipa jalada jipya, akampelekea.

Siku chache baadaye, alipolegeza mashine ya kubania vitabu, akakuta fungu la mwisho la kurasa limelala chini ya ubao. Alilisahau! Fundi mzima ametoa kitabu kisicho na mwisho. Aibu ikamshika, akapiga simu mbio.

"Nisamehe, kile kitabu..."

"Usiseme kitu! Nimekimaliza jana. Ule mwisho, mama yangu! Binti alivyorudi kwa mchumba wake wakafunga ndoa, nimelia kama mtoto."

Fundi akazitazama zile kurasa mkononi.

"Umelia?"

"Mto umelowa! Nimeandika kwenye grupu, kasome."

Akaenda kusoma. Aya tano za machozi matupu, na chini yake mioyo myekundu kibao. Kisha tangazo: "Wapendwa, changamoto yetu naiongeza. Vitabu ishirini na vinne, miaka miwili!"

Akampigia tena.

"Na ndoa yetu?"

"Mapenzi ya kweli hayana haraka. Ungekuwa unasoma kwa kina kama mimi, ungeelewa."

Alitaka kulia, machozi yakagoma. Kilichomtoka ni kicheko, tena cha kebehi. Kumbe ndiye huyu aliyekuwa akimpigania kwa shangazi! Moyo uliuma, lakini ulimuuma kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya yule bwana.

Akavua pete ya uchumba, akaiviringisha ndani ya zile kurasa, akafunga kwa uzi wa kujalidia. Shangazi akajitolea kupeleka kwa mkono wake. Utamu kama huo angemwachia nani?

Jioni simu ikaita.

"Nini hii? Pete imefungwa kwenye makaratasi!"

"Ni mwisho wa kitabu kilichokuliza. Niliusahau karakana. Soma."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa, moja moja.

"Mbona... mbona huyu binti harudi? Anamwacha?"

"Anamwacha."

"Lakini kwa nini?"

"Imeelezwa tangu ukurasa wa kwanza. Soma taratibu, mpenzi wa watu. Si una miaka miwili?"

Akakata simu. Akakivuta kile kitabu chembamba kilichosukumwa pembeni, akaketi, akaanza kusoma.