Mbwa Asiyeitika

"Luna," mlezi aliita, amepiga magoti sakafuni.

Mbwa jike hakutikisa hata sikio.

"Luna ni mwezi, kwa Kilatini," Mwalimu alieleza, amesimama nje ya wavu. "Jaribu Stella. Nyota, Kilatini hicho hicho."

"Stella, mama. Stella!"

Mkia haukutikisika.

"Bella, basi. Mrembo, kwa Kiitaliano."

"Mbavu zote hizi nje, Mwalimu? Atadhani tunamcheka."

Walicheka wao. Mbwa alibaki ameelekea ukutani.

Mlezi alifanya kazi kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa. Huyu wa kahawia alimkuta asubuhi moja amefungwa getini kwa kamba mpya, bila hata kikaratasi. Maji alikunywa, chakula alikataa. Mlezi alishikilia kwamba akiitwa jina lake atakula.

Mwalimu alitokea siku ya pili. Alifundisha lugha sekondari, akasema anatafuta mbwa wa kufuga. Aliposikia habari ya jina, akabaki. Kila alasiri baada ya vipindi alikuja na majina mapya.

"Daisy," alisema siku moja. "Ni ua. Kwa Kiingereza cha kale maana yake ni jicho la mchana, kwa sababu linafumbuka kukicha na kujifunga jua likizama."

Mlezi aliweka ufagio chini.

"Jicho la mchana! Na watu wanaliita tu kila siku, hawajui wamebeba nini mdomoni?"

"Majina yote yako hivyo, dada. Mtu alilitazama jambo, akashangaa, akalipa neno."

Mwalimu alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kesho yake asubuhi simu ya mlezi ikalia kwa ujumbe.

"Umeamka? Nimepata jina lingine."

"La mbwa au la kwangu?"

"La kwako ninalo. Nakuita Pumzi, ila kimoyomoyo."

"Umeshaliandika, Mwalimu. Si kimoyomoyo tena."

Siku nzima alifua matandiko ya mbwa akitabasamu peke yake kama mwehu.

Siku ya kumi daktari wa mifugo alichomoa dripu, akatikisa kichwa.

"Dada, mwili umechoka. Asipokula leo, sina la kufanya." Akasita. "Halafu kuna kitu. Mimi huninusa mkono. Wewe pia. Huyo Mwalimu akikaribia tu, anageukia ukuta. Umeona?"

Mlezi alikuwa ameona. Hakutaka kujua ameona nini. Akapiga simu.

"Njoo sasa hivi."

"Nina kipindi..."

"Njoo!"

Alifika anahema, vumbi la chaki viganjani.

"Unamjua huyu mbwa?"

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Nijibu!"

"Ni wa mama," alisema taratibu. "Mama amefariki miezi miwili sasa. Huyu alikuwa analala mlangoni kwake, anakwaruza ili afunguliwe. Kila alipokwaruza, nilimzika mama upya. Nikashindwa."

"Ukamfunga getini kwangu."

"Kesho yake nilirudi kumchukua. Nikakukuta umepiga magoti, unalia, unamwita majina yote unayoyajua. Nikaona aibu. Nikasema nitakwambia kesho."

"Siku tisa! Anakufa njaa, wewe unanifundisha Kilatini!"

"Nisamehe."

"Anaitwa nani?"

Machozi yalimtoka mwanaume yule, hata hakuyafuta.

"Tunu. Mama alimwita Tunu. Kitu cha thamani, unachopewa ukitunze. Ningetamkaje Tunu, nami ndiye niliyemtupa?"

Mlezi alifungua mlango wa wavu.

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Mwalimu alipiga magoti.

"Tunu."

Sikio moja lilisimama.

"Tunu, mwanangu. Nimekuja."

Kichwa kikageuka. Mkia ukapiga sakafu, mara moja, kwa uzito. Kisha mbwa ambaye jana hakuweza kuinuka alisimama kwa miguu inayotetemeka, akatembea hatua nne, akaulaza uso wake kwenye kiganja chenye chaki.

Daktari alivua miwani. Mlezi akachukua bakuli la chakula. Silabi mbili tu! Alilisogeza polepole, kama mtu aliye mbele ya jambo kubwa kuliko yeye. Tunu akala.

Alilamba bakuli mpaka likawa tupu.

"Yeye amekusamehe," mlezi alisema hatimaye. "Mimi sina moyo wa mbwa. Nipe muda."

Alimpa. Wiki tano nzima Mwalimu alikuja kusafisha vibanda, akasalimia kwa adabu, akaondoka na Tunu wake. Hakutuma hata ujumbe mmoja. Mlezi ndiye aliyechoka kwanza.

"Nina sharti moja," alimwambia alasiri moja kwenye bomba la maji. "Ukiogopa jambo, niambie siku hiyo hiyo."

"Hata likiwa baya?"

"Hasa likiwa baya."

"Basi leo naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kukuomba nikuoe. Nikifikiria kwamba unaweza..."

"Ndiyo," mlezi alisema, hata hakumngoja amalize.