Lango la Tatu

Mwishoni mwa Juni 2004, wiki tatu baada ya bomu kumuua Buhendwa ng'ambo ya mto, Bukavu, taa ya lango la tatu la ruta iliwaka. Védastine aliitazama, kisha akautazama waya wa lango lile. Ulikuwa umekatwa. Ncha yake ilining'inia msumarini.

Katika ofisi yao ya Kamembe, iliyotafuta watoto waliopotea vitani, ruta, mashine ya kuelekeza ujumbe, ilipiga hodi kwenye kila lango kila sekunde kumi. Aliyeitikia ng'ambo alifanywa jirani, njia zake za ujumbe zikaaminiwa. Jirani aliyenyamaza sekunde arobaini alihesabiwa amekufa. Lango lisilo na mtu hunyamazishwa kwa amri: lisipige hodi, lisiitikie. Védastine alijua hayo yote. Lakini ng'ambo ya lango lile alikuwa Buhendwa, fundi mwenzake, mumewe. Na amri ile ilimshinda kuandika.

Sasa kitu kilikuwa kimeitikia. Chumba kilinuka tangawizi, ile aliyoitafuna Buhendwa akipanda mnara.

"Védi," mkuu wake, Maman Patricie, alinong'ona mlangoni. "Majina ya batoto makumi ine, Goma hawajayapata. Yanaenda wapi?"

Jirani mpya alikuwa ametangaza kwamba njia fupi ya kwenda kokote ni kwake.

"Yanaenda kwake, Maman."

"Kwa nani?"

"Buhendwa. Husikii harufu?"

"Nasikia, ndiyo maana naogopa. Tulimuzika, mtoto wangu. Buhendwa hawezi kumeza majina ya batoto. Ile ni jini. Funga!"

Védastine akaandika amri herufi kwa herufi, na kadiri alivyoandika tangawizi ilizidi kukolea, feni ya ruta ikapunguza mwendo hadi ikawa kama pumzi ya mtu aliyelala ubavuni mwake, na kutoka kwenye ncha ya waya uliokatwa sauti aliyoijua ikasema polepole, "Védi, usinifungie," naye akalia, akabonyeza.

Taa ikazimika. Saa kumi Goma wakajibu: majina yote yamefika.

Magharibi, nyumbani, alipokuwa akimenya ndizi, mlango ukagongwa.

"Hodi."

Akahesabu. Sekunde kumi.

"Hodi, Védi."

Tangawizi ikapenya chini ya mlango. Alijaza kitenge mdomoni ili asiitikie. Hodi ya tatu. Ya nne. Arobaini.

Kukawa kimya. Kisha huko nje, kwa sauti ya Buhendwa, mtu akaanza kumlilia Védastine, kama anavyoliliwa maiti.