Mjomba Yuko Ng'ambo ya Maji

"Usikamate kasia hivyo, Theodora, hilo si jembe!"

"Usinipigie kelele, Eric. Nionyeshe."

Theodora binti Gervas alizaliwa Newala, juu uwandani, ambako maji ya kuoga hupimwa kwa kopo. Leo alikuwa ameketi ndani ya kayaki, kimtumbwi cha plastiki cha mtu mmoja, ukingoni mwa mto Ruvuma.

Kayaki zilikuwa mbili, zote za Eric, mwalimu wa sekondari kutoka Ukerewe. Alizinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tangu biashara iwe huria, kila mtumishi wa serikali alikuwa na kibanda chake cha biashara. Eric yeye kila Jumamosi aliwafundisha watu kupiga kasia, akawazungusha mtoni hadi jioni. Leo mwanafunzi alikuwa mchumba wake, na hakuja kustarehe.

Asubuhi, kabla hawajateremka bondeni, simu ya Theodora ilikuwa imelia. Ujumbe wa baba:

"RUDI NYUMBANI. WAZEE WA JANUARY WANALETA POSA LEO SAA KUMI. NIMESHAKUBALI."

January alikuwa mnunuzi wa korosho, mwenye magari mawili na maneno mengi. Posa ya Eric ilikuwa imekataliwa mwezi uliopita. Aliyekataa ni mjomba Selestini, kaka wa mama yake Theodora, na kwa Wamakonde mjomba akisema hapana, imekwisha. Mjomba mwenyewe alikuwa kisiwani, katikati ya mto, akilima mpunga wake.

"Niache niende peke yangu nikamwombe," Eric alisema.

"Wewe ameshakukataa. Mimi bado hajaniambia kitu usoni. Mpwa wake nikienda mwenyewe, atasikiliza."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Sukuma."

Eric alisukuma, akaruka ndani ya kayaki yake, akamfuata.

"Kushoto. Kulia. Tazama kisiwa, usitazame maji!"

Alitazama maji. Kayaki iligeuka ubavu, Theodora akadaka ukingo kwa mikono miwili, nayo ikapinduka. Jaketi la kuokolea lilimrudisha juu akikohoa, kilemba kinakwenda zake na mkondo.

"Basi, mpenzi wangu! Turudi, utakufa bure!"

"Nishikie hiki kidude nipande."

"Theodora..."

"Nishikie, nimesema!"

Alijaribu mara mbili akateleza, ya tatu akapanda. Safari hii hakuyatazama maji. Alipiga kasia vibaya, kwa hasira, huku akilia, mpaka kayaki ikakwama kwenye mchanga wa kisiwa.

Mjomba Selestini alisimama katikati ya mpunga, mdomo wazi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani kakuleta?"

"Nimejileta. Mjomba, kwa nini umemkataa Eric?"

Mzee alimtazama Eric kwa jicho baya. "Baba yako aliniletea salamu. Eti mwalimu huyu kasema mjomba ni mambo ya kizamani, yeye ataposa kwa baba tu."

"Mimi?" Eric alishtuka. "Mzee wangu, shikamoo kwanza. Baba Theodora ndiye aliyeniambia nipeleke posa kwake. Alisema siku hizi mjomba huarifiwa baadaye. Mimi mgeni, nikaamini. Nisamehe."

Mzee alitema mate pembeni.

"Gervas! Kumbe alikuchimbia shimo, akanipa mimi kazi ya kukusukuma."

"Mjomba," Theodora alisema, meno yanagongana kwa baridi, "saa kumi ananitoa kwa January. Wewe unanioza kwa nani?"

"Unamtaka huyu?"

"Nimezama kwa ajili yake leo, na kuogelea sijui."

Mjomba alicheka, akanawa tope miguuni. "Subirini nivute mtumbwi wangu."

Walifika Newala wageni wakiwa tayari mkekani. Gervas aliinuka haraka.

"Shemeji! Karibu, hatukukutarajia."

"Najua." Selestini aliwageukia wageni. "Wazee wangu, poleni na safari. Binti huyu ameshaposwa, na mimi mjomba wake nimepokea."

Mshenga wa January alimgeukia Gervas. "Si ulituambia mjomba karidhia?"

Wageni walichukua kofia zao, wakaaga kwa adabu, wakaondoka mmoja mmoja. Theodora, nguo bado mbichi, alipiga magoti mbele ya baba yake. Alikuwa amemkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Ulimdanganya Eric, ukamdanganya mjomba. Hiyo imeniuma. Lakini harusi ipo, na nataka uwepo."

Gervas alifuta uso kwa kiganja.

"Na nisipokuja?"

"Nitaolewa, baba. Nitakuwa natazama mlangoni tu."

Gervas aliinama, akamshika mkono, akamwinua.