Majibu ya Siku Ishirini

"Usiangalie chini, niangalie mimi. Cheka basi!"

"Nitachekaje, na huku tumeanikwa juu kama nguo?"

Fundi aliinua simu ya mkewe ampige picha. Yake aliiacha hotelini inachaji. Walikuwa wawili tu ndani ya kibanda cha vioo kinachovutwa na waya juu ya msitu wa mvua. Chini miti imesongamana, na mbali kabisa ulionekana ufuo, na jiji la kigeni walilolizunguka kwa miguu siku nne mpaka visigino vikaomba poo.

"Waya huu nimeukagua kule chini kabla hatujapanda," alisema. "Mzima kabisa. Ningeona uzi mmoja umekatika, tungerudi hotelini."

"Hata likizo hupumziki?"

"Waya haujui likizo, Daktari wangu."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti. Na mkewe hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa maabara hospitalini, lakini Fundi alimpandisha cheo siku ya posa na hajamshusha mpaka leo.

Simu ikatetema mkononi mwa Fundi. Akatupa jicho. Kicheko kikamkauka. Akasoma tena ujumbe wa shoga wa mkewe, mwenzake wa maabara, safari hii kwa sauti, neno moja moja.

"'Shoga, daktari kaniuliza tena. Leo siku ya ishirini tangu majibu ya mumeo yatoke. Saratani ya shingo si ya kusubiri. Mkirudi tu mlete, mwenzio naogopa.'"

Kibanda kikapita kwenye nguzo, kikatikisika.

"Huyo mume ni nani?"

"Naomba unisikilize kwanza..."

"Nimekuuliza swali."

"Ni wewe."

Fundi akajishika shingo, pale penye kovu dogo.

"Uliniambia ni uvimbe wa mafuta tu."

"Nilikudanganya."

Jamani, hata uongo mkubwa huanza na nia njema. Siku Fundi alipokatwa kipande cha nyama shingoni ili kipimwe, fomu ilitaka namba ya simu. Simu ya Fundi akiwa ndani ya shimo la lifti haipatikani, basi mkewe akaandika ya kwake. Kule maabara sampuli hazina majina, zina namba tu. Asubuhi ya majibu aliiangalia sampuli ile mwenyewe kwenye darubini, akamwonea huruma mtu asiyemjua, akaenda kunywa chai. Jioni simu yake ikaita: daktari anamtafuta mgonjwa wa namba ile.

"Tiketi zilikuwa mezani," alisema huku machozi yakimshuka. "Miaka tisa tumeahidiana safari hii. Nikasema nikupe wiki mbili za furaha, halafu ndiyo nikwambie."

"Furaha ya nani?"

"Yetu."

"Yako! Mimi nilikuwa nachekacheka kama juha. Juzi ufukweni nilikuona unalia, ukasema chumvi imekuingia machoni. Kumbe ulikuwa unanililia matanga nikiwa naogelea!"

"Usiseme hivyo, nakuomba."

"Mimi nikikuta waya umechakaa, lifti naifunga saa hiyo hiyo, hata kama ghorofani kuna harusi. Wananitukana, wanapanda ngazi wakihema, lakini hafi mtu. Wewe uliuona waya umekatika, ukanishika mkono, ukaniingiza ndani."

"Niliogopa kukupoteza. Nakupenda, Fundi, Mungu shahidi!"

"Najua unanipenda. Ndiyo maana inauma hivi."

Alitamani ateremke pale pale, lakini mlango wa kibanda haufunguki angani. Wakakaa dakika kumi na mbili wakitazamana magoti. Juu mlimani mhudumu aliwafungulia kwa tabasamu, akawaonyesha mahali pazuri pa kupigia picha. Fundi akamuuliza njia ya kushukia.

Hotelini Fundi alimpigia daktari, akaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Ndugu yangu, tumekutafuta sana kwa mkeo," sauti ya daktari ilisema. "Kwa nini hukuja?"

Mke akafumba macho. Mtu wa maabara anayeficha majibu ya mgonjwa hana kazi tena. Neno moja tu lilitosha.

"Niliogopa, daktari," alisema Fundi. "Mke wangu alinibembeleza nije. Mimi ndiye niliyekataa."

Simu ilipokatwa, mke alipiga magoti.

"Kwa nini umenifichia?"

"Watoto watahitaji mzazi mwenye kazi. Inuka. Usinishukuru."

Kesho yake walirudi nyumbani. Ndani ya ndege Fundi alikaa dirishani, mkewe katikati, na hawakuambiana hata "pole na safari". Watoto waliwapokea wakidai zawadi. Bibi yao aliwatazama wote wawili usoni, akawaita watoto ndani.

Fundi akapimwa upya. Kwenye fomu aliandika namba yake mwenyewe. Siku ya tisa akaitwa, na mkewe akamfuata bila kuambiwa njoo. Pale kwenye benchi la korido nesi alimkabidhi Fundi bahasha ampelekee daktari. Fundi akaichana, akampa mkewe karatasi.

"Soma."

"Daktari atatueleza vizuri zaidi..."

"Nataka nisikie kwako. Yote. Usiruke neno."

Akasoma. Akasoma habari za shingo, akafika kwenye mapafu, sauti ikakatika. Akarudi mwanzo wa mstari, akausoma tena mpaka mwisho: mapafu yote mawili. Akasoma hata tarehe na jina la aliyesaini.

Fundi alikuwa anaitazama sakafu.

"Kama tungekuja siku ile ile ya kwanza?"

Jibu tamu lilikuwa tayari ulimini: isingebadilisha kitu, mume wangu. Lilikuwa jepesi, na lingewatuliza wote wawili.

"Huenda saratani isingekuwa imefika mapafuni," alisema. "Sijui. Hakuna anayejua. Lakini huenda."

Fundi akatikisa kichwa kwa kukubali. Akanyoosha mkono, akaushika wa mkewe, kwa mara ya kwanza tangu kule msituni.

"Haya, Daktari wangu," alisema. "Tuingie."