Jina la Baba Lilipotelea Thika

Nina miaka thelathini na sita. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Kimbo, Ruiru, na kama tairi yako imewahi kupasuka pande hizi, huenda mikono hii ndiyo iliyoiziba. Leo mikono hiyo inaandika... nivumilieni.

Nilizaliwa peke yangu. Baba yangu, Mzee Njoroge, alifariki kabla sijaoa. Sasa, kwetu Wakikuyu kijana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume. Hakuna cha kujadiliana hapo! Ndivyo marehemu hurudi nyumbani. Mama yangu, ambaye anaishi Gatongora, hapo Ruiru, alilingoja jina hilo miaka mingi. Kila akimwona mke wangu Wambui alimtania, "Mume wangu utaniletea lini?"

Mwaka juzi wazungu fulani waliokuwa wakisafiri kwa baiskeli walipita kwangu. Niliwatengenezea, wakapenda kazi, wakanialika niende nao Ulaya niwe fundi wao, kutoka Uturuki hadi Ureno. Wewe ungekataa? Kibanda nilimwachia Mwaura wa Ndung'u, rafiki yangu wa tangu utotoni. Kwa baba yake, huyo Mzee Ndung'u, nilikula kama mtoto wa pale. Nilimwomba Mwaura aangalie kibanda na anichungie nyumba. Akaniambia, "Wee enda tu. Hapa uko na mimi."

Na mimi nikaenda na roho safi, mjinga mimi!

Tulikuwa Ugiriki, tukipanda mlima usioisha, Wambui aliponiambia kwa simu kwamba ana mimba. Hesabu sikupiga. Nani humpigia mke wake hesabu? Nililia kwa furaha nikaumaliza mlima ule nikiimba.

Baridi ilitukuta Italia, tukakaa huko hadi ilipopungua. Tulipofika Uhispania nikapata habari: ni kijana! Niliwaambia wazungu wale baba yangu amerudi, wakadhani nimechanganyikiwa. Kila nikipiga simu namuuliza Wambui, "Njoroge amelala?" Ananijibu, "Mtoto amelala." Namuuliza, "Njoroge ananyonya?" Ananijibu, "Mtoto ananyonya." Na masikio nilikuwa nayo, yote mawili!

Niliporudi nilianzia Gatongora. Woiye, mama alikuwa amezeeka! Naye alikuwa bado hajamwona mtoto. Wambui alikuwa ameenda kujifungulia kwa mama yake Thika, na kila mama akitaka kwenda anaambiwa mtoto ana homa, angoje kidogo. Basi alikuwa amefuma kofia ya sufu, ya bluu. Akanipa akicheka, "Mvike mume wangu. Umwambie nimeishiwa na meno nikimngoja."

Asubuhi niliingia barabarani na baiskeli ile ile iliyovuka Ulaya. Nilipita Juja nikipiga mbinja. Safari yote ile ndefu, nawaambia ukweli, hakuna kipande kilichokuwa kitamu kama hicho cha Ruiru hadi Thika.

Mama mkwe alinipokea mlangoni bila kuniangalia usoni. Chai ikaletwa. Wambui akatoka chumbani, akaniwekea mtoto mikononi. Mzuri, jamani! Nikamwambia, "Njoroge, nimefika," huku naitafuta kofia mfukoni. Mtoto akaanza kulia. Mama mkwe, kwa mazoea tu, akajisahau akambembeleza kutoka kwa kiti chake:

"Nyamaza, Ndung'u. Nyamaza."

Ndung'u? Kwetu hakuna Ndung'u. Kwa kina Wambui hakuna Ndung'u. Mimi namjua Ndung'u mmoja tu duniani, na chakula chake nimekila!

Nilimuuliza Wambui jina hilo limetoka wapi. Hakulia, hakukana. Alisema, "Yote mengine niliweza. Kumwekea marehemu baba yako uongo, hilo nilishindwa."

Ngai! Nilimrudishia mtoto wake. Miguu iliyovuka milima ya watu ilikataa kukanyaga pedali. Nilisukuma baiskeli hadi barabarani nikakaa kando ya mtaro, mwanamume mzima, nikalia watu wakinipita.

Mwaura alikuwa ameshahama Kimbo. Nasikia alipanga nyumba Juja, na Wambui amemfuata huko. Hao nimemwachia Mungu. Kinachonimaliza ni kitu kingine, na sijamwambia mtu yeyote ila nyinyi.

Jioni ile niliporudi Gatongora kutoka Thika, mama alikuwa amesimama kwa geti. Hata baiskeli sijaiegemeza, akauliza, "Kofia imemtosha?"

Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka! Lakini angalia ule uso... Nikasema, "Imemtosha, mama. Imemkaa vizuri sana." Nayo ilikuwa mfukoni mwangu!

Tangu siku hiyo namwambia mama kwamba mtoto ana kikohozi, au Wambui amesafiri, au tutakuja Krismasi. Uongo ule ule wa kina Wambui, sasa unatoka kwangu. Wenzangu, nawasihi. Ukiwa mbali, sikiliza unachojibiwa, usisikie unachotaka. Na ukirudi ukute nyumba imevunjika, sema siku hiyo hiyo, ungali una vumbi la safari. Ukimhurumia mtu kwa uongo mara moja, kesho utamhurumia kwa upi?

Jumapili nilimkuta mama barazani na sufu mapajani. Ameanza kufuma kofia ya pili, kubwa kidogo. Anasema watoto hukua haraka.